Uzi: Mkiwa safarini, mnajiona mkifanya kazi gani? Wenye kazi hizo njooni mtuambie ukweli

Binti Rungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye, ila anayependa safari namwomba avute kiti.

Novemba 2019 nilipanda treni ya TAZARA kutoka Dar kwenda Mbeya kumuuguza mama. Nilikata daraja la pili, chumba cha vitanda sita. Waliowahi kupanda wanajua kuwa wanawake hupangwa na wanawake na wanaume na wanaume, labda mkate chumba kizima. Tulikuwa sita tusiojuana. Tuliondoka Ijumaa alasiri, na jua linazama tukiwa tunapita porini tulikuwa tumeshagawana karanga, mayai ya kuchemsha na majina ya watoto wetu.

Usiku taa zilipozimwa, bibi aliyelala kitanda cha chini akauliza: "Wanangu, Mungu akiwarudisha darasa la saba leo, ada ipo, na hakuna wa kuwakataza, mngesomea kazi gani?"

Akaanza mwenyewe. Alikuwa mkunga mstaafu, mzaliwa wa Kigoma, baba yake mchukuzi bandarini. Akasema yeye angekuwa nahodha. Utoto wake wote aliutumia kuiangalia meli ya Liemba ikiingia na kutoka Ziwa Tanganyika. Alikuwa na historia yake yote kichwani: ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku mpaka Dar, ikafika Kigoma kwa reli na kuungwa upya, ikashushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, lakini wakazipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Bibi akasema, "Waliopaka ile grisi walijua itarudi." Tukanyamaza kidogo.

Lakini kilichomvuta hasa ni usiku. Vijiji vingi vya ziwani havina gati, meli inasimama majini na mitumbwi inaifuata na abiria, dagaa, kuku, wagonjwa. Kuna mtu juu kule gizani anaamua, hapa ndipo pa kusimama. "Nimepokea watoto miaka thelathini na nane na sijutii hata siku moja. Ila nikipanda chombo chochote, lazima nimtazame aliyekaa mbele."

Mama mwingine alikuwa mfanyabiashara wa viazi wa Makambako. Yeye alitaka kuendesha semi kwenda Kongo. Alisema, "Maisha yangu yote mimi ndiye ninayesubiri mzigo. Nataka na mimi nisubiriwe." Mwalimu wa sekondari akasema urubani. Fundi cherehani wa Temeke tulidhani amelala, kumbe alikuwa anasikiliza. Akasema yeye anataka kazi yoyote ambayo Jumapili inakuwa Jumapili. Hakuongeza neno. Jibu lake ndilo limenikaa zaidi kuliko yote.

Wa tano, binti wa miaka ishirini aliyekuwa anasoma stashahada ya umakanika, akasema dereva wa treni. Si ya ndoto, akasema. Hii hii tuliyopanda.

Mimi ni karani wa hesabu. Nilisema mwongoza wageni mlimani. Nimekulia chini ya Mlima Rungwe, na nikiwa darasa la tano mjomba alinipandisha mpaka juu. Njiani tulikutana na mzee mmoja akiwaongoza wazungu wawili, na kila mti alioupita alikuwa na neno la kuusema: huu dawa ya tumbo, huu wa mizinga, huu ukikauka unalia. Nilimfuata mpaka mjomba akanivuta mkono. Toka siku hiyo sijawahi kumwona mtu anayefanya kazi akiwa mzima vile, macho, miguu na mdomo pamoja.

Alfajiri treni ilikuwa inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako. Katika kilomita 1,860 za reli ile mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, hicho ndicho kipande kilichowatesa waliojenga, madaraja na mahandaki yanafuatana. Binti yule alikuwa dirishani anahesabu mahandaki. Tukiingia gizani anataja namba, tukitoka ananyamaza. Treni iliposimama Makambako alishuka na ndala akakimbia mpaka kwenye injini, akamuuliza dereva alisoma wapi. Alirudi anahema, kaandika kwenye kiganja.

Tulifungua kundi la WhatsApp, na lipo mpaka leo. Mwezi uliopita binti aliandika kuwa baada ya kumaliza stashahada na kukaa nyumbani miaka miwili, amepata nafasi chuo cha reli Tabora. Bibi alijibu kwa sauti, na nusu yake ilikuwa kilio. Sisi wengine tuliweka maua na makofi tukanyamaza. Mimi nina siku ya ishirini sasa sijapata usingizi mzuri.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mseme kazi mnayojiona mkiifanya mkiwa safarini. Na ambao ndiyo kazi yenu, mtuambie kile ambacho abiria haoni. Msitutishe, msitupambe.

---

Kahawa Tungu

Nimesoma mpaka mwisho dada. Mimi nikipita Mikumi huwa najiona ni daktari wa wanyama. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ubungo. Nakaa hapa nisubiri majibu ya wenye kazi zao.

---

Mgumu wa Machame

Dada Binti Rungwe, umeitaja kazi inayonilisha, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Nilianza kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro mwaka 2003 nikiwa na miaka kumi na tisa. Huku kwetu mpagazi anaitwa mgumu. Nilikuwa mgumu miaka sita, nikasaidia jikoni miwili, nikawa mwongozaji msaidizi, sasa naongoza. Wengi wetu ndiyo njia tuliyopita.

Abiria anayekuona kwenye picha anaona mtu kavaa koti zuri amesimama na wageni penye kibao cha mita 5,895. Hiyo ni robo saa katika siku sita au saba. Zilizobaki ni hizi. Asubuhi getini unahesabu mizigo ikipimwa. Sheria ni kilo 20 za mzigo wa kampuni kwa kila mgumu, nje ya begi lake mwenyewe. Mwongozaji mzuri anarudi kuangalia baada ya geti, maana kuna kampuni zinazopunguza wagumu wakishapita mizani na mzigo unagawanywa upya mabegani mwa waliobaki. Ukinyamaza hapo, wewe si mwongozaji. Kisha unatembea nyuma ya mgeni wa mwisho, si mbele ya wa kwanza. Jioni unaangalia nani hajamaliza chakula. Unamuuliza kila mtu amekojoa mara ngapi, ndiyo, hicho ni kipimo, maana asiyekunywa maji mwili unamsaliti. Unapima hewa kwenye damu kwa kile kifaa cha kidoleni na kuandika.

Usiku wa kilele tunaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita. Pale ni zaidi ya mita 4,600, na tukifika juu hewa inayoingia kifuani ni kama nusu ya ile ya Dar. Kazi yangu usiku huo ni kusikiliza. Nasikiliza pumzi na nyayo, na maneno yanapoanza kupinda. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kikohozi kikawa na maji, mlima umemwingia kichwani au kwenye mapafu, na dawa yake ni kushuka. Hakuna kusubiri kuche.

Sasa fikiria mtu ameweka akiba miaka minane. Umebakiza saa moja na nusu kufika. Unamwambia tunarudi. Nimemrudisha mzee mmoja pale chini ya Stella, kituo cha mwisho kabla ya kilele, akanitukana kwa lugha yake, akalia, akakaa chini. Tulimshusha wawili tukimshika kwapa. Hakunisemesha mpaka geti la Mweka. Sikupata tipu kwake, na ningemrudisha tena hata leo.

Pesa. Msimu mzuri inalipa, na tipu ndiyo inayojenga nyumba. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, wageni wanakauka. Mwaka 2020 corona ilipofunga dunia, nilirudi shambani kwenye kahawa na migomba ya baba. Asiye na shamba mwaka ule aliuza simu, viatu, kila kitu.

Vitabu vinaandika Hans Meyer na Ludwig Purtscheller ndio wa kwanza kufika kileleni, Oktoba 1889. Sisi huku tunamtaja pamoja nao Yohani Lauwo wa Marangu, na hatumwachi nyuma hata siku moja. Nawaambia hivyo wageni wangu wote kabla hatujapita geti.

Napenda kazi hii? Naipenda sana. Asubuhi jua linapochomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi na watu wamechoka hawawezi hata kusema, hakuna mahali pengine ninapotaka kuwa. Goti langu la kushoto limeanza kukataa. Nina miaka michache tu imebaki, na sijui nitafanya nini baadaye.

---

Kijana wa Buza

Samahani wakubwa, sitaki kuharibu uzi. Nina shahada tangu 2021. Nimetuma maombi mpaka nimeacha kuhesabu. Nikisoma watu wenye ajira wanajiuliza wangependa ajira gani nyingine, naumia. Mimi nikipanda daladala nawatazama wote walioshika funguo za ofisi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya ndoto.

---

Binti Rungwe

Kijana wa Buza, hujaharibu. Umesema kitu ambacho yule fundi cherehani alikisema kwa njia yake. Usiku ule hakuna aliyemjibu na mpaka leo nasikia vibaya. Kaa hapa na sisi. Umesomea nini?

---

Kijana wa Buza

Ugavi na manunuzi.

---

Semi Nane Nane

Salaam wakuu. Mwambieni mama wa viazi wa Makambako kuwa dereva wa Kongo amemsikia.

Nina mwaka wa kumi na nne kwenye semi. Dar mpaka Tunduma ni kilomita kama 930. Ukivuka unashika Nakonde, Kapiri Mposhi, Chingola, Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, ndiyo unaingia Lubumbashi, na wakati mwingine unaendelea mpaka Kolwezi. Kwenda nabeba salfa au bidhaa za dukani, kurudi shaba.

Abiria wa basi anapotupita kwenye mlima wa Kitonga anaona lori linatambaa na dereva kaegemeza kiwiko dirishani. Anadhani tumepumzika. Kitonga ukipanda unasikiliza injini, ukishuka unasikiliza breki, na nyuma yako kuna tani zaidi ya ishirini na tano ambazo hazijui kuwa una watoto. Breki zikipata moto kupita kiasi zinaacha kushika. Unashuka kwa gia ndogo tangu juu. Ukichelewa kuishika gia, huipati tena. Nimewaona waliochelewa. Sitasema zaidi.

Halafu kuna mizani: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Mzigo ukisogea nyuma kidogo kwa sababu ya matuta, ekseli moja inazidi na unalala pale. Kisha foleni ya mpakani. Watu hawaelewi kwamba kazi yangu kubwa si kuendesha, ni kusubiri. Nasubiri nyaraka, nasubiri kupakua, nasubiri kupakia. Nimewahi kukaa Kasumbalesa siku kumi na moja. Tunapika chini ya tela, mchele na dagaa, tunafuliana, tunalindana usiku kwa zamu kwa sababu ya wezi wa shaba na mafuta. Nimejifunza Kibemba cha kununulia nyanya na Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho mwanzoni nilidhani ni lugha nyingine kabisa.

Kwa hiyo mama akitaka kusubiriwa, ni kweli atasubiriwa. Lakini na yeye atasubiri zaidi ya alivyowahi kusubiri viazi. Kama bado ana nia, leseni yake iwe daraja E, aanze na Fuso za mikoa ya karibu, asikimbilie Kongo. Wanawake wapo barabarani, wachache, na wale ninaowajua wanaendesha kwa utulivu kuliko sisi.

Kilichonibakisha miaka yote hii ni saa kumi na moja alfajiri baada ya Mafinga. Ukungu umelala kwenye misonobari, barabara tupu, chai iko kwenye chupa. Kitu hicho sijawahi kuweza kumweleza mke wangu.

Kijana wa Buza, umesema ugavi. Kampuni za malori zinahitaji watu wa kufuatilia nyaraka mpakani. Anayejua kusoma tamko la forodha bila kukosea ni dhahabu pale Tunduma, maana kosa moja la tarakimu linanilaza mimi siku tatu. Wengi wanaingia kwa kujitolea kwa wakala wa forodha, posho ndogo sana mwanzoni. Sikuahidi kitu, ila ningekuwa wewe ningeanzia hapo kabla ya kutuma barua nyingine Dar.

---

Zamu ya Pili

Asalaam aleikum kutoka Mombasa. Bibi wa Kigoma amenigusa, kwa hivyo nitaandika.

Mimi ni mhandisi wa tatu kwenye meli za makontena. Mtu akikaa Likoni feri, meli kubwa ikipita mlangoni, asema, lo, wale wanaiona dunia. Nami nilisema hivyo nikiwa mdogo, nikikaa pale na marehemu kaka yangu tukihesabu bendera. Wallahi, chumba cha injini hakina dirisha. Naweza kuvuka bahari ya Hindi yote nisiione mpaka nipande juu kupunga upepo baada ya zamu. Joto huko chini lapita nyuzi 40, kwa kelele hutoi vizibo vya masikioni, na mawasiliano ni kwa mikono. Bandari siku hizi makontena yashushwa kwa saa chache tu. Nimefika Singapore mara tano na mjini nimeingia mara moja, kununua dawa ya meno na zawadi ya mwanangu.

Mkataba wangu huwa miezi sita hadi tisa. Sheria ya kimataifa yataka tupumzike saa 10 angalau katika kila saa 24, na afisa mzuri huilinda saa hiyo kama mboni ya jicho, kwa maana baharini mtu aliyechoka ndiye moto, ndiye mgongano. Mwaka 2020 mabadilishano ya mabaharia yalikwama dunia nzima. Nilikaa ndani miezi kumi na minne. Binti yangu alianza kutembea nikiwa pwani ya Brazili. Na mwisho wa 2023, meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu kwa mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hizo ni siku kumi na kitu zaidi za kutomwona mtu wako.

Kwa kijana anayetaka: mafunzo ya awali ni ya usalama, kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Hayo hayaepukiki, yako kwenye mkataba wa mabaharia wa 1978. Mombasa pana chuo, na Dar pia. Kigumu si darasa, ni kupata meli ya kufanyia mazoezi. Kwa afisa wa sitaha na wa injini pia, pasi na miezi ya baharini iliyoandikwa kitabuni cheti hakitoki. Jihadharini na mawakala wanaodai pesa kukutafutia meli. Mimi wa kwanza alinila, na alikuwa ametumwa na jirani.

Mpe bibi salamu zangu. Mwambie unahodha aliouona Liemba, wa kusimama gizani pasipo gati na kuwapokea watu kwenye mitumbwi, ni unahodha wa kweli. Na nijuavyo mimi, mkunga afanya kazi hiyo hiyo.

---

Mke wa Dereva

Nimesita sana kuandika.

Mume wangu ni dereva wa treni ya mizigo, mwaka wa kumi na tisa huu. Sitataja shirika. Nimesoma habari za yule binti aliyeenda Tabora nikafurahi, kisha nikaogopa.

Kuna vitu atafundishwa. Atafundishwa alama, breki, na kuijua njia mpaka aweze kuiona akiwa amefumba macho. Mume wangu anaijua reli kwa mlio. Tukiwa tumepanda pamoja kama abiria anaweza kusema hapa kuna kiungo kimelegea, na kweli. Atafundishwa kwamba treni yenye mzigo ikifungwa breki inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita nzima kusimama.

Ambacho sijui kama watamfundisha ni hiki. Treni haikwepi. Gari likikatiza mbele yako unaweza kupiga honi na kuvuta breki, basi, halafu unakaa unaangalia. Mume wangu imemtokea mara mbili. Mara ya pili alikuwa mtu wa bodaboda na mtoto. Alirudi nyumbani akaoga, akala, akaenda kulala, na nilipoamka saa tisa usiku alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Alikaa hivyo wiki nyingi. Ofisini walimuuliza kama yuko salama, akasema yuko salama, wakampangia zamu. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili isipokuwa mimi.

Bado anaipenda kazi yake. Anapiga pasi sare mwenyewe, hataki niiguse. Mwanetu wa kiume anataka kumfuata na sijamkataza.

Mwambieni binti asome, awe dereva mzuri. Ila atafute mapema mtu wa kuzungumza naye, kabla hajamhitaji. Na ninyi mnaosoma hapa, mkifika kwenye makutano ya reli, simameni. Juu kule kuna mtu anayewaona.

---

Kahawa Tungu

Dada, nimesoma mara mbili. Asante kwa kuandika. Mpe mzee pole yetu, na wewe pia.

---

Upepo wa Mafia

Kwa yule mwalimu aliyetaka urubani, kwa ufupi. Narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, Dar, Zanzibar, Mafia na viwanja vya hifadhini. Leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukipita kwenye kozi moja iliyounganishwa. Kinachowakwamisha watu si akili, ni gharama ya hizo saa, na vipimo vya afya vya daraja la kwanza. Apime afya kabla hajalipa shilingi popote. Umri si kikwazo kama watu wanavyodhani. Uzuri wake: mdomo wa Rufiji ukiuona asubuhi kutoka futi elfu nane, matawi ya maji yote yanang'aa kwa pamoja. Ubaya wake: siku ya nne mfululizo unapakia mabegi mwenyewe juani, na mawingu ya saa tisa alasiri yanakusubiri.

---

Binti Rungwe

Sijui niseme nini. Nimemsomea mama yangu kwa sauti, yuko hai na mzima, na amedai nimsomee tena sehemu ya mke wa dereva. Nimeituma kwenye kundi letu. Binti ameandika, "Nimeielewa," hakuongeza kitu. Bibi ameomba namba ya baharia wa Mombasa, nimemwambia humu hatugawani namba.

Kijana wa Buza, nakuona umeweka alama kwa Semi. Nifurahishe siku moja urudi utuambie.

Mgumu wa Machame, nina swali na naomba unijibu kama ungemjibu dada yako. Nina miaka thelathini na nane. Nina mtoto mmoja yuko darasa la sita. Sijawahi kubeba mzigo wa kilo 20 mahali popote. Je, nimechelewa?

---

Mgumu wa Machame

Dada, kwa Kilimanjaro nitakuambia kweli: kuanza kuwa mgumu ukiwa na miaka thelathini na nane ili uje kuongoza, sikushauri. Mwili utalipa bei kabla kazi haijakulipa. Wadada wanaoongoza huku wapo na wanazidi, lakini waliingia mapema.

Ila nimesoma maneno yako ya kwanza mara tatu. Hukusema ulitaka Kilimanjaro. Ulisema mzee mmoja Rungwe, na miti yake.

Mimi sijawahi kufika huko kwenu, lakini nawasikia wageni. Wanauliza hifadhi ya Kitulo na maua yake yanayochanua wakati wa mvua, wanauliza Ziwa Ngosi, wanauliza Daraja la Mungu. Wapenda wanyama wanauliza kipunji, yule kima ambaye wataalamu walimkuta Rungwe mwaka 2003, ingawa nasikia wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote. Huko wageni ni wachache, na waongozaji wanaoujua msitu kwa lugha ya nyumbani ni wachache zaidi. Mlima wenyewe haufiki mita 3,000. Hauhitaji mtu wa kubeba kilo 20, unahitaji mtu anayejua kila mti. Yule mzee bado yupo?

Usiache ajira. Chukua likizo yako. Panda Rungwe mara tatu na daftari. Fanya kozi ya huduma ya kwanza, ile ya siku kadhaa, si ya kusoma kwenye simu. Uliza ofisi ya misitu na ya hifadhi huko wanataka kibali gani. Halafu mwongoze mtu mmoja bure, rafiki yako tu, uone kama jioni unamkumbuka yeye au unaukumbuka mlima. Ukimkumbuka yeye, hii ni kazi yako.

---

Binti Rungwe

Mzee alifariki 2011. Mwanawe anafuga nyuki kule kule chini ya mlima, nilisoma naye. Nimempigia saa hii. Amesema miti mingi anaijua, na mingine atamuuliza shangazi yake.

Likizo yangu inaanza tarehe 9 Juni. Mgumu, viatu ninunue vya aina gani? Dukani hapa Dar wameniambia bei nikashtuka.

---

Mgumu wa Machame

Usinunue dukani. Mtumba. Huku sisi tunaenda soko la Kiboriloni, hata huko Mbeya mtumba wa viatu vya mlima hauwezi kukosa. Shika soli uikunje, ikikunjika katikati kama ndala iache. Angalia gundi pembeni, vingi vimekaa sana na vinaachia siku ya kwanza ya mvua. Chukua saizi moja juu ya unayovaa, kwa sababu kupanda hakuumizi vidole, kushuka ndiko kunaumiza. Vaa nyumbani wiki mbili kabla, na soksi nene, hata ukiwa unapika.